Mavyaa na Mashine ya Pamba ya Sukari

Lautoka,
Mwisho wa Septemba

Kwa dada yangu mpenzi Kanamma,

Kabla ya lolote pokea salamu zangu, na upokee pia za mavyaa wangu, ambaye ameniamuru niandike kwamba bado hajafa na wala hana haraka. Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya Brisbane uliyoilalamikia sana, imelegea? Wajukuu wako je, bado wanataka kijiko hata kwa wali na dali? Sisi huku tu wazima. Kiwanda kinasaga miwa usiku na mchana, mji mzima unanuka molasi, na nguo nikizianika nyeupe nazianua zina masizi. Hivyo tu, hakuna ugonjwa.

Najua unangoja jibu la jambo moja, tangu uliponipigia simu ukilia kwa furaha kwamba kibali changu cha kuja kuishi huko kimetoka. Nitalifikia, dada. Ila nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikikutajia jibu peke yake hutanielewa, na utanikasirikia bure.

Unajua hali niliyobaki nayo Permal alipofariki. Shamba lilikwisha kurudi kwa wenye ardhi, tumehamia huku mlimani kwenye vyumba viwili, halafu yeye akaondoka ghafla, akaniachia mama yake. Miaka yote ile mimi na mavyaa tulikuwa tunaongea kupitia kwake. Chumvi ikizidi, mama anamwambia mwanawe. Nami namjibu mume wangu kwamba mwambie mama kesho nitapunguza. Mama mwenyewe amekaa pale pale, anasikia kila neno! Sasa msemaji wetu kaenda, nyumba ikawa kimya. Mama akaanza kurudisha sahani ikiwa nusu, kisha robo tatu, na mchana kutwa anaelekeza uso ukutani. Nikadhani ananichukia. Nikadhani kila akiniona anajiuliza kwa nini nimebaki mimi.

Mimi nilikuwa nauza bajia na njugu stendi ya basi. Lakini pale stendi kila mwanamke ana bajia, na kila mwenye bajia ana njugu. Siku moja akaja Mereoni, yule jirani yangu wa chini niliyekwisha kukusimulia, mjane mwenzangu, mwimbaji wa kwaya, mwenye kicheko cha kuamsha mbwa. Alikuwa ametoka kwenye harambee ya kanisa lao. Akaniambia huko kulikuwa na bwana mmoja ana mashine ya pamba ya sukari, na bakuli la yaqona, kile kinywaji chao cha mizizi, lilikauka bila mtu kulijali kwa sababu hata wazee walikuwa kwenye foleni ya pamba. "Shoga," akasema, "watu wanapanga foleni kununua hewa! Hewa yenye rangi! Na sisi tunakaa hapa na mafuta ya bajia yanaturukia mikononi." Tukachanga tulichokuwa nacho, tukakubaliana kwenda mjini kwa Bwana Hasmukh anayeuza vyombo vya jikoni.

Tulipokuwa tunatoka, mavyaa akageuka kutoka ukutani. Alikuwa hajanena neno siku nyingi. Akauliza, "Mnakwenda kununua mashine bila mtu mwenye akili?" Akachukua fimbo yake, akatangulia mlangoni.

Dukani kulikuwa na mashine mbili. Moja nyekundu, mpya, ndogo, ina magurudumu ya kuchorwa pembeni na beseni la plastiki linalong'aa kama kioo. Ya pili imesukumwa kwenye kona chini ya makatoni, ya kijivu, nzito, beseni lake la chuma limebonyea upande mmoja. Bwana Hasmukh akasema ilitoka kwenye hoteli iliyofungwa na wala hatuna haja ya kuitazama. Akatusifia ile nyekundu mpaka nikaiona inanitabasamia. Mavyaa akaligonga beseni la plastiki kwa ncha ya fimbo. "Hili beseni au kofia ya mtoto?" Bwana Hasmukh akacheka kwa adabu. Mavyaa hakucheka. Akamwambia aiwashe. Yule bwana akaeleza kwamba sanduku likishafunguliwa na mashine ikatiwa sukari, haiuziki tena. Mavyaa akasema, "Ng'ombe hanunuliwi bila kukamuliwa."

Nami, dada, rangi ilinipofusha. Nilinunua ile nyekundu. Mereoni naye alikuwa upande wangu, tukamshinda bibi kizee wawili kwa mmoja.

Tukaipeleka kwenye gulio la shule. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Nyuzi zikatoka, watoto wakapiga kelele, Mereoni akaimba. Baada ya muda mota ikaanza kuguna kama mtu mwenye tumbo. Kile kichwa cha katikati, kinachoyeyusha sukari na kuitupa nje kwa kuzunguka, kikapunguza mwendo. Badala ya nyuzi zikatoka punje. Msichana mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Shangazi, pamba yangu ina mawe." Kabla sijamjibu, ukingo wa beseni ukalegea, ukajikunja kama papadi motoni, na moshi ukatoka chini. Mwalimu akaja na ndoo ya maji. Mereoni akamzuia kwa mwili wake wote, akipiga kelele, "Umeme, mwalimu! Utatuoka!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nilirudi nyumbani nikiwa tayari kusimangwa. Mavyaa akaitazama ile mashine iliyokunjamana, akanitazama mimi, akaenda kulala. Asubuhi yake nikamkuta amevaa sari yake ya kijani, ile ya harusi za watu, akaniambia neno moja tu: "Twende."

Kule dukani, Bwana Hasmukh akatuambia bidhaa ikishauzwa hairudi. Mavyaa hakubishana. Akaomba kiti kwa sababu ya uzee wake. Kiti kilipoletwa akakiweka mlangoni kabisa, akakaa, akaipakata ile mashine kama mjukuu. Kila mteja aliyefika alimkaribisha kwa sauti tamu: "Ingia, mwanangu, usiogope, duka zuri hili. Mimi? Mimi nimemleta mgonjwa wangu tu." Na anaifunua mashine. Wateja wanaangalia, wanakohoa, wanakumbuka kwamba wana haraka mahali pengine.

Bwana Hasmukh akatoka. "Mama, nenda nyumbani ukapumzike. Nitakupigia simu."

"Sina simu, mwanangu. Nina nafasi."

Jua lilipofika utosini akafungua kitambaa, akatoa roti na chatini ya ukwaju, akala pale pale na kuwakaribisha wapita njia. Halafu ikatokea jambo ambalo hata yeye hakulipanga. Mama yake Bwana Hasmukh, anayeishi ghorofani, akateremka kuona ni nani aliyekaa mlangoni kwa mwanawe. Akaonja ile chatini. Akauliza imetiwa nini. Akaagiza kiti cha pili. Basi wakawa wazee wawili mlangoni, wanalinganisha magoti na wana wa siku hizi, na yule mama mwenye nyumba akaanza kumsimulia mavyaa jinsi mwanawe tangu utotoni alivyokuwa mbishi. Hapo Bwana Hasmukh akaita vijana wake wafukue ile mashine ya kona.

Safari hii ilikamuliwa. Ikawashwa pale pale dukani, ikatiwa sukari. Mavyaa akaweka kiganja ubavuni mwake asikie kama inatetemeka. Ilikuwa imetulia tuli, inavuma sauti moja kama feni nzuri. Kichwa chake kizito, kimetengenezwa kwa chuma kinene, hakikuyumba. Nyuzi zilitoka ndefu na nyembamba mpaka Bwana Hasmukh mwenyewe akanyoosha kidole kuonja. Tukabadilishana bila nyongeza, na mama yake akatusindikiza hadi kwenye teksi.

Ndani ya teksi mavyaa akaniambia, "Umeona?" Nikamwambia nimeona, mama. Akasema, "Basi siku nyingine unisikilize, we msichana." Dada, nina miaka hamsini na miwili, na nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Hakukuwa na mtu katikati yetu. Alikuwa anasema na mimi.

Kuijua mashine hiyo ilikuwa shughuli nyingine. Usidhani ni kumwaga sukari na kubonyeza swichi. Sukari laini kama unga inarushwa nje haijayeyuka, unakula mchanga. Lazima iwe ya punje nene, na iwe kavu. Nawe unajua hewa yetu, hata chumvi huku inalia. Mavyaa akaichukua kazi ya kukausha. Anaitandaza kwenye sinia chini ya bati, anaigeuza kwa mkono kama alivyokuwa akigeuza mpunga shambani, na anaifukuza mvua kwa matusi ya Kitamili kabla haijafika. Rangi tunaichanganya mapema, waridi na kijani hafifu. Kichwa lazima kipate moto kwanza ndipo utie sukari, tena usijaze. Ukiona utando wa buibui umeanza pembeni mwa beseni, hapo ndipo unaingiza kijiti, unakizungusha vidoleni na kukipitisha taratibu, unaiacha pamba ikufuate. Mimi mwanzoni nilikuwa naikimbiza. Siku ya kwanza nilitoka na nywele za waridi, nyusi za waridi, na inzi wote wa kitongoji wakinisindikiza. Mereoni alicheka hadi akaegemea ukuta. "Tazameni! Bi harusi!" Kumbe mikono yake minene ndiyo yenye wepesi. Anazungusha kijiti huku anaimba, pamba inatoka kubwa kama kichwa chake mwenyewe. Jioni ni kusafisha: beseni kwa maji ya uvuguvugu, lakini kichwa hakiguswi na maji, unakiacha kizunguke kitupu na moto wake mpaka mabaki yaungue na kutoka.

Na mama akaanza kula, dada. Sikumbembeleza. Kazi ilimtia njaa.

Ndipo ikafika wiki ya tamasha la sukari, na katikati ya wiki hiyo ukapiga simu yako. Nilifurahi, usifikirie sikufurahi. Nililia nikiwa nimesimama sokoni na mfuko wa mbilimbi mkononi. Miaka tisa umenihangaikia! Ukaniambia chumba kiko tayari, umeshona pazia, na Suren mwanao atakuja kunipokea. Nikakuomba muda nikujibu. Nilimwambia Mereoni peke yake, nikamsihi asimwambie mama mpaka tamasha lipite, kwa maana kibali ni changu peke yangu, yeye hayumo.

Siku ya kwanza ya tamasha ilinyesha. Hewa ikawa mbichi, pamba tukiitoa inasinyaa mkononi, inakuwa kamba nyekundu. Tukaziba upande wa upepo kwa turubai, na kila pamba ikitoka Mereoni anaitia mara moja kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga. Tuliponea hapo. Jumamosi kukapambazuka kweupe, na dada, ungeona watu! Foleni ilipita mbele ya gurudumu la bembea. Mimi kwenye sukari, Mereoni kwenye kijiti, mavyaa amekaa kwenye kiti chake mbele akipokea pesa na kuwatuliza wenye haraka. Kijana mmoja akamwambia, "Bibi, harakisha, mchumba wangu anakasirika." Akamjibu, "Mwache akasirike sasa, umjue mapema."

Mchana wake akapita mzee Armugam, tuliyepakana naye shamba kule zamani. Mgongo umempinda kwa kubeba miwa. Mavyaa akanyanyuka kwenye kiti, jambo ambalo hamfanyii mtu, akachukua pamba kubwa ya waridi kwa Mereoni, akampa. Yule mzee akaing'ata, ikayeyuka, akabaki anakitazama kijiti kama aliyeibiwa. Mama akamwambia, "Miaka hamsini tumeibeba hii mgongoni, Armugam. Umewahi kuiona nyepesi hivi?" Walicheka wote wawili, halafu wakafutana machozi kwa ncha ya sari yake, mbele ya foleni yote, na hakuna aliyewahimiza.

Jumatatu nilikwenda kununua sukari nyingine. Niliporudi nikakuta kitanda cha mama kimetandikwa, furushi lake halipo, na sari ya kijani haipo. Mereoni amekaa kwenye ngazi zangu, kanga ya kichwa mkononi, analia. "Shoga, nichape," akasema. "Nichape tu. Mdomo wangu hauna kitasa." Alikuwa amemweleza mama habari za kibali tangu Jumapili. Naye mama akamwapisha kwa Biblia yake mwenyewe asinifumbulie neno, akamwita mpwa wa Mereoni mwenye teksi, akaenda zake kwenye nyumba ya wazee ya masista, kuomba kitanda.

Sikumbuki nilivyofika. Nilimkuta kwenye baraza, mgongo umenyooka, furushi magotini, kikombe cha chai pembeni hakijaguswa. Akaniuliza nimefuata nini. Nikamwambia, "Nimekufuata wewe, mama."

"Mimi nina kitanda hapa. Sista amenionyesha, kina dirisha. Wewe nenda kwa dada yako. Nimekuwa mavyaa wako, sijawahi kuwa jela yako."

Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Akaniambia, huku anatazama bustani, kwamba Permal alipokuwa hospitali alimshika mkono akamwomba aniangalie mimi, maana Ambika wake hana mtu huku. Akasema alijitahidi lakini hakujua namna. Mimi nilikuwa nimenyamaza sana, akadhani namchukia. Na sasa kwa kuwa nimepata mtu wa kuniangalia, yaani wewe, kazi yake imekwisha.

Nikamwambia, "Mama, mimi aliniomba nikuangalie wewe. Siku ile ile, ulipokwenda kuchota maji."

Akageuka akanitazama. Kwanza hakuamini. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mjanja yule," akasema. "Tangu mtoto. Alikuwa anaomba peremende kwangu, kisha anakwenda kuomba kwa baba yake." Tulicheka mpaka sista akachungulia. Kisha tukalia, hilo nalo sikufichi. Mwisho akajifuta, akasukuma kile kikombe. "Nirudishe nyumbani. Hawa ni watu wema, Mungu awabariki, lakini chai yao ni maji ya kuogeshea paka."

Sasa lile jibu, dada yangu. Siji kuishi huko.

Najua unavyojisikia kusoma hapo. Nakuona umekaa jikoni, umevua miwani. Najua utasema huyo kizee kanizuia, au Ambika ana huruma ya kijinga. Kwa hiyo nakueleza ukweli ambao hata mama sijamwambia: nilikuwa nimekwisha kuamua Jumamosi, kabla hajafungasha. Nilikuwa nimeinua kichwa kutoka kwenye sukari, nikaona foleni, nikamsikia Mereoni anaimba, mama anamtania kijana wa watu, mtoto ananiita Mama Pamba. Nikajiuliza, ni wapi ninapotamani kwenda? Nikatafuta moyoni, sikuona mahali. Miaka yote nilipokuandikia kwamba nataka kuondoka, dada, ilikuwa kweli. Nilitaka kuondoka kwenye ile nyumba ya kimya. Nyumba yenyewe imebadilika nikiwa humo humo ndani. Sikai kwa ajili ya mama. Nakaa kwa sababu nina furaha, nami nimeona haya kukuambia, kwa kuwa wewe ndiye uliyehangaika, na wewe ndiye utakayebaki na chumba kitupu.

Lakini usiling'oe pazia lako. Mwezi wa Desemba mashine inapumzika kwa ajili ya mvua, nami nitakuja, nikae wiki kadhaa, nikukande hilo goti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mwakani uje wewe, tukuvishe aproni, tuone kama Brisbane imekuachia vidole.

Na juu ya yote, asante. Usidhani ulihangaika bure miaka tisa. Bila kibali chako ningekaa hapa na kujiona nimekwama, na pengine ningemlaumu mama mpaka kufa kwake. Wewe ulinifungulia mlango, dada. Hujui ni neema ya namna gani mtu kukaa mahali huku anajua kwamba angeweza kuondoka.

Msalimie Suren na mkewe, wabusu wajukuu, na jirani yako yule wa paka umwambie namkumbuka. Mereoni anakusalimu kwa sauti kubwa. Bila shaka umeisikia. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri.

Mdogo wako akupendaye,
Ambika